Mtoto Wako Anajifunza Nini Darasani? Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Mtoto wa Darasa la Kwanza hadi la Tatu

Ukimuuliza mtoto wa darasa la kwanza, "Leo mmesoma nini?", atakujibu "Sijui" au "Tumecheza", kisha atakimbilia nje. Hakufichi kitu. Mtoto wa miaka 6 au 7 bado hajui kuikusanya siku nzima kichwani na kuisimulia kwa mpangilio. Aliimba silabi, akapanga vijiti, akakata karatasi za pembe tatu. Kwamba hilo la kwanza lilikuwa kusoma, la pili kujumlisha na la tatu maumbo, anayejua ni mwalimu. Mzazi naye hubaki akisubiri ripoti ya mwisho wa muhula, na ripoti ikija inampa tarakimu: 62, 85, 40. Tarakimu hizo hazimwonyeshi mtoto ameshika nini na amekwama wapi.

Ninachosisitiza katika mwongozo huu ni kimoja: mtoto mdogo usimuulize anajua nini, mwombe atende mbele yako, kisha uangalie njia anayopita kufikia jibu. Huhitaji kuwa mwalimu. Unahitaji madaftari yake, kitabu chochote chenye maandishi makubwa, penseli, rundo la vijiti na nusu saa yenye utulivu.

Kazi kubwa ya madarasa haya ya mwanzo ni kusoma, kuandika na kuhesabu, zile zinazoitwa kwa kifupi KKK. Masomo mengine yapo na yana thamani, lakini mtoto anayefika darasa la nne bila KKK atashindwa pia sayansi na maarifa ya jamii, kwa sababu kuanzia hapo kila somo humfikia kwa maandishi. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye hizo tatu.

Hatua ya 1: Soma madaftari, usihesabu vema

Chukua daftari la kila somo, anza ukurasa wa mwisho ulioandikwa kisha urudi nyuma hadi mwanzo wa mwezi. Angalia tarehe kwanza. Kama kuna wiki nzima isiyo na kazi, uliza kwa upole: huenda kazi ilifanyika ubaoni au kwa vitendo, huenda daftari jingine lilitumika, huenda mtoto hakumaliza kunakili.

Kazi zilizokatika katikati zina maana yake. Mtoto anayeandika sentensi mbili kati ya tano kila siku, ama mkono wake ni mzito, ama haoni ubao vizuri, ama hajui anachonakili hivyo anachora herufi moja moja. Mwenye kusoma hunyanyua macho ubaoni, hushika neno zima kichwani na kuliandika. Asiyesoma hunyanyua macho kwa kila herufi, na kengele inamkuta njiani.

Sasa, kuhusu daftari safi lenye vema ukurasa mzima: usitosheke nalo. Mtoto anaweza kunakili sentensi kumi bila kosa hata moja na asiweze kusoma hata moja. Chagua sentensi ya juma lililopita katika mwandiko wake mwenyewe, weka kidole chako chini ya neno la katikati, umwambie, "Nisomee hili." Jibu lake litakuonyesha kama aliisoma au aliinakili tu.

Tazama pia makosa yanayojirudia. Kosa moja la hesabu halina uzito. Kosa lilelile katika hesabu sita ni fikra fulani aliyonayo mtoto kichwani, na fikra hiyo inaweza kurekebishwa. Nitaonyesha mifano hapo mbele.

Hatua ya 2: Badilisha maswali ya jioni

Badala ya "Mmesoma nini?", omba jambo dogo linaloweza kutendwa: "Nifundishe wimbo mmoja wa leo." "Nichoree kilichokuwa ubaoni." "Wewe kuwa mwalimu, mimi mwanafunzi." Mchezo huu wa mwisho una nguvu kuliko yote. Mtoto akivaa ualimu, atakuonyesha hata namna mwalimu wake anavyosimama na maneno anayotumia, na hapo utajua kama shuleni wanasoma kwa sauti za herufi, kwa silabi, au kwa kukariri sentensi. Kosea makusudi mara mojamoja. Akikurekebisha, somo hilo limemkaa.

Hatua ya 3: Pima kusoma, ngazi kwa ngazi

Kiswahili kinamwonea huruma anayeanza kusoma. Kina irabu 5 tu, na kila irabu hutamkwa namna ileile popote iwekwapo. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Mtoto akishaijua chati ya silabi barabara, anaweza kutamka neno lolote, hata asilolijua maana. Kwa hiyo ngazi zake ni wazi, nawe pima kwa kufuata mpangilio huu, ukisimama pale anapoanza kuhangaika.

*Sauti kabla ya herufi.* Usitoe kitabu bado. Mwambie, "Piga kofi kwa kila kipande cha neno: ba-ba, me-za, ki-ta-bu." Halafu, "Neno *kalamu* linaanza na sauti gani? Nikiondoa *ka*, kinabaki nini?" Mtoto asiyeweza kulikata neno kwa masikio atapata taabu kulikata kwa macho. Mazoezi haya hayahitaji hata karatasi, mnaweza kuyafanya mkitembea.

*Irabu na silabi nyepesi.* Andika a, e, i, o, u bila mpangilio, kisha silabi kama ma, te, ku, si, lo. Usimpe *ba be bi bo bu* kwa mfuatano wake, maana huo ataimba hata akifumba macho. Changanya: *bo, ti, ma, be, ku*. Hapa ndipo kukariri kunapojulikana.

*Silabi nzito.* Hizi ndizo huwaangusha wengi katika darasa la kwanza na la pili: *cha, sha, nya, dha, tha, gha*, kisha *mba, nda, nga, nja*, kisha *kwa, mwa, mbwa, ngwa, nywa*. Mpe maneno yenye hizo: *mbwa, nyundo, changanya, dhahabu, kunywa*. Hakikisha anatofautisha *ng* ya *ngoma* na *ng'* ya *ng'ombe*, kwani alama ile ndogo juu hubadilisha sauti na watoto huiruka. Angalia pia *m* na *n* zinazosimama peke yake kama silabi: *m-tu, n-chi, m-bu*. Linganisha na *mbu-zi*, ambapo *m* imeungana na *b*. Mtoto anayesoma *mu-tu* ama amezoea lugha nyingine nyumbani, ama anatafuta irabu mahali ambapo haipo. Mtamkie, naye arudie. Hakuna haja ya kumweleza kanuni.

*Irabu zilizoongozana.* *Taa* na *ta* si sawa, wala *kaa, choo, maua* si vya kusomwa kwa haraka moja. Mtoto anayeimeza irabu ya pili akiwa anasoma ataiacha pia akiandika.

*Maneno ya uongo.* Baada ya hapo tunga maneno yasiyo na maana: *fepu, shiloga, ngwado, nyatiku*. Mwambie kabisa kwamba hayana maana, ni mchezo. Mtoto anayesoma kweli atayatamka. Anayekisia kwa kuangalia herufi ya kwanza atakuambia neno analolijua linalofanana nalo. Nalipenda zoezi hili kuliko jingine lolote katika kupima usomaji, kwa sababu hakuna namna ya kulikariri.

*Maneno marefu.* Hapa pana jambo ambalo nadhani halipewi uzito unaostahili. Maneno ya Kiswahili hujengwa kwa kuunganisha vipande, hivyo mtoto wetu hukutana na maneno marefu mapema sana. *Wanatusaidia* ni neno la kawaida kabisa, lakini lina silabi 7: wa-na-tu-sa-i-di-a. Akilisoma silabi moja moja, akifika *a* ya mwisho ameshaisahau *wa*. Msaidie aone vipande vyenye maana. Andika *cheza* katikati ya karatasi, kisha ongeza mbele yake: *anacheza, alicheza, atacheza, tunacheza, mlicheza, watacheza*. Funika kila mara sehemu ya *cheza* ili macho yake yazoee *ana-, ali-, ata-, tuna-* kama kitu kimoja. Fanya hivyo na *soma, imba, kimbia*. Baada ya majuma machache utaona usomaji wake unaanza kutiririka.

*Wepesi.* Chagua kifungu kifupi cha sentensi nne au tano ambacho maneno yake anayaweza. Asome mara tatu au nne, siku hiyohiyo au siku mbili mfululizo. Kurudia kifungu kilekile si kupoteza muda: mara ya kwanza akili yote iko kwenye herufi, mara ya tatu inapata nafasi ya kusikia maana. Kwa kuwa maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi, mtoto mwenye shida ya kusoma mara nyingi hujulikana zaidi kwa kusoma polepole kuliko kwa kukosea maneno. Atafika mwisho wa sentensi salama, lakini kwa jasho, na hatakumbuka mwanzo wake.

*Ufahamu.* Funga kitabu, mwambie akusimulie. Kisha uliza maswali ya aina mbili. Aina ya kwanza jibu liko kwenye maandishi: nani, wapi, lini. Ya pili jibu halikuandikwa: "Unadhani kwa nini alirudi?" "Ungekuwa wewe?" Watoto wengi hujibu ya kwanza kwa kunakili maneno ya kitabu bila kuelewa. Chukua sentensi hii: "Mkobu alimpiga lushe." Muulize, "Nani alimpiga lushe?" Atajibu "Mkobu", na hakuna kati yenu anayejua mkobu ni kitu gani. Swali la pili ndilo linaloonyesha kama kuna picha yoyote kichwani mwake.

Kama mtoto anatamka vizuri lakini haelewi, shida iko kwenye msamiati, hasa kama nyumbani mnazungumza lugha nyingine. Dawa yake ni mazungumzo na hadithi za kusomewa. Msomee vitabu vilivyo juu ya uwezo wake wa kusoma, maana masikio yake yamekua kuliko macho. Akishajua kusoma, usiache kumsomea.

Hatua ya 4: Angalia anavyoandika, halafu alichoandika

Keti ubavuni mwake, si mbele yake. Penseli inapaswa kukaa kati ya kidole gumba na cha shahada, ikiegemea cha kati, bila kubanwa hadi vidole vibadilike rangi. Mkono mwingine ushike karatasi. Miguu iguse chini au iwekewe kitu cha kukanyaga. Kama anatumia mkono wa kushoto, mwache autumie. Inamisha tu daftari kuelekea kulia ili aone anachoandika, na akae upande wa kushoto wa dawati ili asigongane na mwenzake. Kumlazimisha abadili mkono ni kumwongezea kazi isiyo na faida.

Tazama herufi inapoanzia. Herufi nyingi huanzia juu kwenda chini, na duara la *a, d, g, o* huanza kwa kuzunguka kushoto. Mtoto anayeanzia chini anaweza kutoa herufi nzuri, lakini atachelewa atakapotakiwa kuandika haraka.

Kuandika *b* kama *d*, au tarakimu 3 ikitazama upande mwingine, ni jambo la kawaida kwa mtoto wa miaka 5, 6 hata 7, na kwa wengi hupotea kwa mazoezi. Usimcheke wala usimpeleke kwa mganga wa aina yoyote kwa hilo peke yake. Likiendelea darasa la tatu pamoja na usomaji mzito, ndipo mzungumze na mwalimu.

Kisha jaribu imla, kwani kunakili na kuandika unachosikia ni vitu viwili tofauti. Tamka maneno matano, kisha sentensi moja. Utaona makosa ya aina chache:

- Anaacha herufi katika silabi nzito: *mba* inakuwa *ba*, *nywa* inakuwa *nya*. Mrudishe kwenye kusikia sauti.
- Anachanganya *l* na *r*, au *dh* na *z*, au *th* na *s*. Hii hutokana na matamshi ya nyumbani na haimaanishi uvivu. Mpe jozi ambazo maana hubadilika: *kula* na *kura*, *kalamu* na *karamu*, *thamani* na *samani*.
- Anaachanisha neno moja: *ana kula, tume fika*. Au anaunganisha mawili: *kwasababu*. Kosa hili hata watu wazima wanalo, kwa hiyo likamate mapema. Mwambie *anakula* ni neno moja, halina pengo ndani yake. *Kwa sababu* ni mawili, weka kidole katikati.

Katika darasa la kwanza, furahia kwanza kwamba ameandika sentensi yake mwenyewe, hata ikiwa na makosa manne. Sahihisha moja. Mtoto anayerudishiwa karatasi iliyojaa wino mwekundu hujifunza kuandika sentensi fupi zaidi siku inayofuata.

Hatua ya 5: Hesabu, kuanzia kwenye vijiti

Kuimba moja hadi mia hakuna maana kubwa kama hakuna vitu vinavyohesabiwa. Mwekee vijiti 14 ovyo mezani. Je, anagusa kila kimoja mara moja tu? Akimaliza, muulize, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya badala ya kukutajia 14, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote.

Kisha panga mistari miwili ya vijiti 7, sambamba. Muulize kama iko sawa. Akikubali, tanua mmoja mbele ya macho yake uonekane mrefu, uulize tena. Watoto wadogo husema mrefu una vingi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alilipa umaarufu jaribio hili, na alionyesha kwamba jibu hilo ni hatua ya ukuaji, mtoto huivuka kadiri anavyokua. Mtoto wa miaka 5 akikosea, mwache acheze zaidi na vitu. Wa miaka 8 akikosea, kujumlisha kwake kwenye daftari yaelekea ni kwa kukariri.

Jiwe la msingi la hesabu za madarasa haya ni thamani ya nafasi: mamoja, makumi, mamia. Mwambie aandike *ishirini na tatu*. Ukiona 203, amesikia 20, akaiandika, akasikia 3, akaiandika. Kwa masikio yuko sahihi kabisa. *Mia moja na tano* ataandika 1005 kwa sababu hiyohiyo. Usimwambie tu "hapana". Chukua vijiti, funga mafungu ya kumi kwa uzi. Mwambie akuonyeshe 23: mafungu 2, vijiti 3. Sasa aandike idadi ya mafungu upande wa kushoto na ya vijiti upande wa kulia. Halafu 32. Halafu 30, ambapo upande wa kulia hauna kijiti hata kimoja, na hapo ndipo sifuri inapopata kazi. Fanyeni hivyo siku kadhaa kabla ya kugusa hesabu ya kujumlisha ya tarakimu mbili.

Katika kujumlisha, angalia anavyopata 8 + 5. Mtoto anayeanza huhesabu vijiti 8, huhesabu vijiti 5, kisha huhesabu vyote upya kuanzia moja. Anayekua huanzia 8 na kuendelea: 9, 10, 11, 12, 13. Aliyekomaa zaidi hukamilisha kumi: 8 na 2 ni 10, zimebaki 3, ni 13. Vidole si aibu. Usimkataze, mpe tu njia fupi zaidi naye ataviacha mwenyewe. Jozi zinazofanya kumi (1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5) azijue hata akiamshwa usiku. Zinamrahisishia kila kitu kinachofuata.

Sasa makosa mawili unayoweza kuyakuta daftarini. La kwanza: 27 + 15 = 312. Amejumlisha mamoja akapata 12, akaiandika yote, kisha makumi akapata 3. La pili: 42 − 17 = 35. Ameona 2 haiwezi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Mtoto huyu hakubahatisha. Ana kanuni yake, "ndogo hutolewa kwenye kubwa", na ataitumia kila mara. Mpe mafungu 4 na vijiti 2, mwambie akupe vijiti 17. Atatoa fungu moja, kisha atakwama kwenye 7, halafu, bila kuambiwa, atafungua fungu jingine. Mwache alifungue mwenyewe. Zinabaki 25. Sasa mwonyeshe kwamba kuazima kumi kwenye daftari ni kufungua fungu lile.

Jaribu pia 8 + 4 = __ + 5. Wengi wataandika 12, kwa sababu wanadhani alama ya = ni amri ya kuandika jibu. Jibu ni 7, maana pande mbili lazima zilingane: 12 huku, 12 kule. Mpe hesabu zilizogeuzwa, kama 9 = 6 + __, ili alama hiyo izoeleke kwa maana yake.

Katika hesabu za mafumbo, kuwa mwangalifu na tabia ya kumfundisha kwamba "zaidi" ni kujumlisha na "zimebaki" ni kutoa. Soma hii: "Juma ana penseli 9. Ana penseli 4 zaidi ya Asha. Asha ana ngapi?" Mtoto wa maneno-vidokezo atasema 13. Aliyechora penseli za Juma na za Asha atasema 5. Basi sheria iwe moja: chora kwanza, hesabu baadaye.

Majedwali ya kuzidisha yakianza, kukariri kuna nafasi yake, lakini 4 × 3 ajue ni mafungu 4 ya vitu vitatu vitatu kabla ya kuiimba.

Hatua ya 6: Saa, ambayo huwachanganya kuliko tunavyodhani

Mtoto wa Kiswahili husikia "saa moja asubuhi", akitazama saa ya ukutani mshale mfupi uko kwenye 7. Wakubwa tumezoea. Yeye hajazoea, na hana sababu ya kuona mantiki hapo.

Mweleze hivi: siku yetu tunaihesabu tangu asubuhi kunapopambazuka, na usiku tangu jua linapozama, kwa hiyo tofauti ni saa 6. Kwenye uso wa saa, tofauti ya 6 ni upande wa pili kabisa. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, tazama namba inayokabiliana nayo: ni 1. Ukiwa kwenye 10, ng'ambo yake ni 4, saa nne. Mshale mrefu hausumbui, usome ulipo: kwenye 3 ni na robo, kwenye 6 ni na nusu, kwenye 9 ni kasorobo. Kwa simu inayoonyesha 13:00, anza na saa za tarakimu 1 hadi 12 tu. Hizo nyingine zisubiri.

Muulize mara nyingi kwa siku, dakika moja kila mara: tukila, tukioga, tukilala.

Masomo mengine

Katika mazingira, afya na maadili, mtoto hujifunza viungo vya mwili na milango mitano ya fahamu, usafi, hali ya hewa, mimea na wanyama, familia na majirani, alama za barabarani. Hapa sina la kukuagiza zaidi ya kumpa kazi halisi: aoteshe mbegu kwenye kopo, aandike hali ya hewa ya juma zima, anawe mikono kwa sabuni akieleza kwa nini. Kuchora, kuimba na kuruka kamba navyo ni masomo. Vidole vinavyofinyanga udongo ndivyo vitakavyoshika penseli.

Hatua ya 7: Dakika 20 za kila siku

Kwa mtoto wa umri huu, dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha, na siku tano za dakika 20 zina faida kuliko Jumamosi moja ya saa mbili. Mwache kwanza ale na acheze. Kisha dakika 10 za kusoma kwa sauti, dakika 5 za kuandika sentensi moja au imla fupi, dakika 5 za hesabu kwa vijiti au kwa mdomo. Anza na anachokiweza, malizia na anachokiweza, kigumu kiwe katikati.

Akikosea, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kusema neno. Mara nyingi atajirekebisha. Asipojirekebisha, muulize, "Umepataje?", na uulize hivyohivyo hata akipata, ili swali hilo lisigeuke kuwa tangazo la kosa. Siku ukijiona umechoka na sauti imeanza kupanda, funga daftari. Msomee hadithi mlale. Kipigo na matusi juu ya kitabu humfundisha mtoto kukiogopa kitabu, na hofu hiyo hudumu kuliko somo.

Usimfanyie kazi ya nyumbani. Mwalimu anayepokea hesabu kumi sahihi zilizofanywa na mama ataendelea na mada mpya akiamini mtoto ameelewa.

Hatua ya 8: Chunguza macho na masikio kabla ya kulaumu akili

Mtoto hajui kwamba wenzake wanaona zaidi yake. Dalili za macho: anasogeza kitabu karibu mno, anakunja uso akitazama mbali, anafunika jicho moja, anaumwa kichwa baada ya shule, ananakili vizuri kutoka kitabuni lakini vibaya kutoka ubaoni. Za masikio: anaomba urudie, anatazama midomo ya anayesema, anaongeza sauti ya redio, haitikii akiitwa kwa nyuma, amewahi kutokwa usaha masikioni. Mpeleke akapimwe. Wakati mkisubiri, mwombe mwalimu amketishe mbele.

Kama macho na masikio ni mazima, amefundishwa kwa uvumilivu mwaka mzima, anazungumza na kufikiri vizuri, lakini herufi bado hazikai, inawezekana ana tatizo mahususi la kusoma. Lipo kwa watoto wenye akili timamu kabisa, na linahitaji mafunzo ya polepole, ya sauti na silabi, yenye kurudiarudia. Omba shule ikuelekeze kwa mtaalamu wa elimu maalumu.

Hatua ya 9: Nenda kwa mwalimu ukiwa na ushahidi

Usisubiri kuitwa. Nenda mwezi wa pili wa muhula, si wiki ya mitihani, na usimvamie mlangoni asubuhi watoto wakiingia, omba muda. Chukua daftari moja na karatasi ya yale uliyoyaona. Kusema "mwanangu hajui kusoma" kunamfanya mwalimu ajitetee. Sema hivi: "Mwalimu, silabi nyepesi anaziweza. Akifika *mbwa* na *nywa* anakwama. Darasani mmefika wapi, na mnazifundishaje?" Hapo mnazungumza kama watu wawili wenye kazi moja.

Maswali manne yanatosha: Mwisho wa mwaka huu, mtoto wa darasa hili anatakiwa aweze nini? Wangu yuko wapi katika hayo? Mnatumia njia gani ya kufundisha kusoma na kutoa, ili nyumbani tusimchanganye? Nikipata dakika 20 kwa siku, nizitumie kwenye nini?

Msikilize pia anachokuambia kuhusu tabia: anakaa na nani, anajibu maswali au ananyamaza, anakula saa ya mapumziko au haendi na wenzake. Kisha kubalianeni jambo moja tu la kufanyia kazi, andikeni tarehe ya kuonana tena baada ya wiki 4, na siku hiyo uende na daftari lilelile.